Kabla ya Kununua Spika Kubwa: Kiamplifaya cha Waya kwa Wanakwaya na Wapigaji wa Bendi



Tukivitembelea vikundi vya vijana vya Likoni, Kisauni na Changamwe, swali moja halikosi: "Tumeweka pesa kidogo, je, tununue spika nyingine kubwa?" Mara nyingi jibu letu ni kwamba, subirini kwanza. Shida ya vikundi vingi si kwamba watu hawawasikii. Watu wanawasikia, na jirani wa nyumba ya nne pia anawasikia. Shida ni kwamba wapigaji wenyewe hawajisikii. Na mtu asiyejisikia hufanya jambo moja tu: huongeza sauti.

Katika toleo hili tunaeleza kifaa kidogo kinachoweza kusaidia, yaani kiamplifaya cha waya cha kusikilizia wakati wa kupiga muziki. Si kitu cha fahari, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mitambo isiyo na waya ambayo wanamuziki wakubwa huvaa kwenye televisheni. Lakini kikitumiwa ovyo kinaweza kuumiza sikio kuliko hiyo spika kubwa. Kwa hiyo tusome pole pole.

KELELE HUANZA WAPI?

Hebu tazama mazoezi ya Jumamosi jioni. Mpiga ngoma anapiga kwa nguvu, maanake ngoma ndivyo zilivyo. Mpiga kinanda hasikii kinanda chake, anaongeza. Mwenye gitaa la besi anaona amefunikwa, naye anaongeza. Waimbaji sasa wanapiga makelele badala ya kuimba. Fundi wa mitambo anawawekea spika ya miguuni, ile inayowaelekea waimbaji. Maikrofoni inaisikia ile spika, inairudisha sauti tena kwenye spika, na hapo ndipo mnasikia ile mbinja kali inayowafanya akina mama wazibe masikio.

Majengo yetu nayo hayasaidii. Kuta ni za mawe, sakafu ni ya saruji, paa ni la mabati. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 17 kutoka kwa wapigaji, sauti huenda na kurudi mita 34, yaani inawafikia tena baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mpiga ngoma anayefuata ule mwangwi atachelewa, wengine watamfuata, na wimbo mzima utaanza kuburuta. Wengi hulaumu mpigaji ati hajui mapigo. Pengine anajua vizuri, ila anasikia wimbo uliokwisha pita.

SIKIO HALINA SIKUKUU

Ndani ya sikio mna chembe ndogo zenye vinywele, kama elfu kumi na tano hivi katika kila sikio. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti uwe habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Zikifa kwa kelele, kwa binadamu hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Kifaa cha kusaidia kusikia kinaongeza sauti tu, hakirudishi kilichokufa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, walitoa kipimo cha kusikiliza kwa usalama: kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Kwa hiyo desibeli 83 ni masaa 20, 86 ni masaa 10, 89 ni masaa 5, na 92 ni masaa mawili na nusu tu kwa wiki nzima. Bendi iliyo ndani ya chumba kidogo inaweza kupita hapo bila mtu kutambua.

Sasa fikirieni vijana wetu. Mmoja anafanya kazi mchana kiwandani Changamwe, penye mashine. Sheria za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zilisema mfanyakazi asikae kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya masaa 8 katika siku moja. Tuseme mwajiri wake ni mwema na anaifuata. Lakini jioni kijana huyo huyo yuko mazoezini, Jumamosi yuko kwenye harusi Mtongwe, na Jumapili yuko kanisani. Njiani yuko ndani ya matatu yenye muziki. Sikio halijui hii ni kazi na hii ni ibada. Linajumlisha yote.

Na kwa wengine muziki ni mkate. Kwa miaka mingi mahoteli ya Bamburi, Shanzu na Diani yamewapa kazi wanamuziki wa pwani. Them Mushrooms, bendi iliyozaliwa hapa pwani na kupiga katika mahoteli hayo, walitoa wimbo "Jambo Bwana" mwaka 1982, mtungaji akiwa Teddy Kalanda Harrison, na wimbo huo ukasikika mpaka ng'ambo. Kijana wa leo anayetaka kuishi kwa kinanda au kwa gitaa anategemea masikio mawili tu. Akiyamaliza akiwa na miaka 25, atafanya nini akifika 40?

KIFAA CHENYEWE

Ni kijisanduku cha kutoshea kiganjani, kinachoning'inizwa kwenye mkanda wa suruali. Upande mmoja kinapokea waya kutoka kwenye miksa. Upande mwingine kina tundu la vipokea sauti vya kuingiza sikioni, vile ambavyo vijana huita iafoni. Katikati kuna kitufe cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza. Basi. Mfano mmoja ni kile cha kampuni ya Behringer kiitwacho Powerplay P2, kinachotumia betri mbili ndogo za AAA. Ziko kampuni nyingine pia, na nyingine hutumia betri ya volti 9 au adapta ya stima.

Faida yake ni hii: sauti inakufikia moja kwa moja sikioni, haipiti hewani kwanza. Huhitaji spika ya miguuni, kwa hiyo ile mbinja inapungua sana. Tena iafoni inayoziba sikio vizuri huzuia sehemu ya kelele za nje, ndiposa unaweza kusikiliza kwa sauti ya chini.

Kijana mmoja atauliza, "Si nitumie zile zangu za blutuuthi?" Hapana. Blutuuthi huchelewesha sauti. Kwa kusikiliza rekodi hutatambua, lakini ukipiga kinanda utasikia noti baada ya kidole kuondoka. Waya hauna kuchelewa huko.

NAMNA YA KUUNGANISHA

1. Tafuta kwenye miksa tundu la kutolea sauti la oksi. Hii ni njia ya pembeni inayokuwezesha kupeleka mchanganyiko tofauti na ule unaokwenda kwa watu. Miksa nyingi ndogo zina oksi moja au mbili.

2. Kama kuna kitufe kilichoandikwa PRE, kibonyeze. Hapo fundi akipandisha au akishusha sauti ya watu, ya sikioni kwako haitabadilika.

3. Pitisha waya wa maikrofoni wenye pini tatu, au waya wa jeki kubwa, kutoka oksi hadi kwenye kijisanduku. Kamwe msichomeke waya unaotoka kwenye amplifaya kubwa kwenda kwa spika. Huo una nguvu nyingi, utaunguza kifaa na unaweza kuumiza sikio vibaya.

4. Mkitumia oksi moja, swichi ya kijisanduku iwekwe mono. Ikiachwa stereo, unaweza kusikia upande mmoja tu, au sauti iliyo kama ya ndani ya pipa.

5. Kabla ya kuvaa iafoni, punguza kijisanduku mpaka sifuri. Vaa, halafu ongeza kidogo kidogo mpaka usikie vya kutosha. Kusikia vya kutosha si kusikia kwa utamu.

6. Anza na sauti yako, kisha ngoma au kinanda cha kukuongoza, kisha waimbaji. Acha vingine. Usipojisikia, kwanza mwambie fundi apunguze vitu vingine kabla hujaongeza chako.

7. Funga waya wa iafoni pamoja na waya unaotoka kwenye miksa, na uache mzunguko mdogo kiunoni ili mtu akiukanyaga using'oke sikioni.

Mkishawavalisha wapigaji, fanyeni jambo ambalo vikundi vingi husahau: zimeni spika za miguuni na mshushe amplifaya za magitaa. Msipofanya hivyo hamkupata faida yoyote. Mmeongeza tu kelele ya tatu juu ya zile mbili.

MAMBO YA KUCHUNGA

Kishindo. Mtu akiangusha maikrofoni au akichomoa waya ghafla, ule mlipuko unaingia sikioni moja kwa moja. Kwa hiyo kanuni ya kikundi iwe kwamba hakuna kuchomeka wala kuchomoa kitu kabla fundi hajafunga chaneli ile. Vifaa vingine vina kizuizi ndani cha kukata mlipuko. Ukiwa na pesa ya kuchagua, chagua chenye hicho.

Sikio moja. Wengi huvaa upande mmoja na kuacha mwingine wazi ili wawasikie watu. Matokeo ni kwamba sikio lililo wazi linapigwa na kelele ya jukwaa, na lile lililozibwa linaongezewa sauti ili lishindane nayo. Vaa zote mbili. Ili usikie watu wakiitikia, au padre akianzisha, wekeni maikrofoni moja inayowaelekea watu, ipelekwe kwenye oksi peke yake, isiende kwenye spika kubwa.

Kuziba vizuri. Iafoni ikikaa legelege, besi inapotea na mtu anaongeza sauti. Jaribuni vipira vya ukubwa tofauti mpaka vikae.

Usafi. Kijisanduku mnaweza kugawana, iafoni hapana. Kila mtu awe na yake, aifute jasho akimaliza, na aiweke mahali pakavu. Mwenye sikio linalotoa usaha asivae kabisa. Aende zahanati kwanza. Na msichokoe masikio kwa njiti.

Betri. Hewa yetu ya chumvi hula vyuma haraka. Toeni betri kila mnapomaliza, la sivyo siku moja mtafungua mkute maji yamevuja na kifaa kimekufa.

Mlio. Mkimaliza kupiga na sikio linalia "ngiii", sauti ilikuwa kubwa mno. Mlio usipokwisha, au ukiona huwasikii vizuri watu wakizungumza kwenye feri au sokoni, nenda ukapimwe. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Hili letu bado linasikia, kwa hiyo tulitibu mapema.

NANI ANAKIHITAJI?

Kwaya ya watu 30 haihitaji vijisanduku 30. Waimbaji wanaosimama pamoja husikilizana kwa masikio yao, na ndivyo kwaya inavyojengwa. Wanaohitaji kwanza ni mpiga ngoma na mpiga kinanda, maanake wamekaa mahali pamoja na waya hauwasumbui. Wa tatu anaweza kuwa kiongozi wa nyimbo. Anayecheza na kuzunguka jukwaani atasumbuliwa na waya, huyo aachwe.

Bajeti iwe na mistari minne: kijisanduku, iafoni, waya, na betri. Vikundi vingi huandika mstari wa kwanza tu, halafu kifaa kinakaa kabatini kwa kukosa waya. Anzeni na kimoja, mkitumie miezi mitatu, ndipo mwamue.

Tusisahau na jirani. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009, ambazo utekelezaji wake ulipewa NEMA, ziliweka desibeli 40 mchana na 35 usiku kwa sehemu za ibada, na usiku ulihesabiwa kuanzia saa mbili. Hicho ni kiwango cha chini sana. Kifaa hiki peke yake hakitawafikisha hapo. Lakini jukwaa likitulia, spika za watu nazo zaweza kushushwa, na mtoto wa jirani akalala.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, nani huongeza sauti kwanza, na ni kwa sababu gani?

2. Wangapi kati yetu husikia mlio masikioni baada ya mazoezi? Wangapi hufanya kazi penye kelele mchana?

3. Zimeni mitambo yote, mpige wimbo mmoja bila spika. Ni chombo gani kimepotea? Ni kipi kimefunika vingine? Andikeni majibu kabla ya kwenda dukani.