MAFUNJO: MMEA WA KINAMASI UNAOFAA KWA UJENZI NA KAZI ZA MIKONO

Kila anayeishi chini ya bati au turubai la plastiki, lile ambalo wengi wetu tunaliita shitingi, anaijua taabu yake. Mchana ndani hakukaliki kwa joto. Alfajiri baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mvua ikinyesha juu ya bati, hata mtoto akilia humsikii. Kitu kimoja kinachoweza kupunguza taabu hiyo hakiuzwi dukani. Kinaota majini, pembezoni mwa Ziwa Nakivale na katika vinamasi vingi vya Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Ni mafunjo.

Waliotoka Rwanda na Burundi wanayaita urufunzo. Waganda wanayaita ebitoogo. Wengi wenu mlijifunza kuyasuka kwa wazazi wenu. Katika karatasi hii tunaeleza kwa nini mmea huu unafaa, namna ya kuukata bila kuumaliza, na mahali ambapo haufai kutumiwa.

KWA NINI MAFUNJO NI MEPESI?

Chukua bua moja la mafunjo ulikate katikati. Utaona kwamba lina pembe tatu. Nje kuna ganda la kijani, gumu na laini kwa kugusa. Ndani kuna kiini cheupe kinachobonyea kama kizibo cha chupa ya mvinyo. Kiini hicho kimejaa vijumba vidogo sana vyenye hewa.

Hewa hiyo ndiyo inayoufanya mmea huu uwe na manufaa. Kwa sababu ya hewa, bua linaelea majini. Kwa sababu ya hewa, joto na baridi havipiti upesi, na sauti ya mvua hupungua. Ganda la nje nalo lina nyuzi zenye nguvu zinazofaa kusukwa, kusokotwa na kushonwa.

Watu wamelijua jambo hili tangu zamani. Wamisri walikata kiini cha mafunjo vipande vyembamba, wakavipanga kwa kukingamana, wakavigandamiza na kupata karatasi. Baadhi ya maandishi yao yaliyopatikana mwaka 2013 kando ya Bahari ya Shamu yana umri wa miaka 4,500 hivi. Kwenye Ziwa Tana nchini Ethiopia, wavuvi husafiri kwa mitumbwi ya mafunjo yaliyofungwa pamoja. Mwaka 1970, Mnorwe Thor Heyerdahl na wenzake walivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Moroko mpaka Barbados kwa siku 57 katika chombo cha mafunjo. Mwaka mmoja kabla yake, chombo chao cha kwanza kililowa, kikalegea na kuvunjika kabla ya kufika.

Somo ni hili: mafunjo makavu yana nguvu, lakini yakilowa kwa muda mrefu huoza. Wavuvi wa Ziwa Tana huitoa mitumbwi yao majini ikauke baada ya kazi. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa mikeka yetu.

JINSI YA KUKATA

Mafunjo hayaoti kwa mbegu tu. Chini ya maji kuna shina nene linalolala na kutambaa, na humo ndimo machipukizi mapya yanamotoka. Ukilihifadhi shina hilo, mafunjo yatarudi. Ukiling'oa au kulichoma moto, umekula mbegu ya kesho.

1. Uliza kwanza. Mwone mwenyekiti wa kijiji chako au ofisi ya kambi ujue ni sehemu gani inaruhusiwa. Vinamasi vingine vinatumiwa na wenyeji, na kuingia bila kuuliza huleta ugomvi.

2. Chagua mabua yaliyokomaa. Hayo ni marefu, ganda lake ni gumu, na kichwa chake kimefunguka kama ufagio. Mabua machanga yaache. Yakikauka hunyauka na kujikunja, na mkeka wake haudumu.

3. Kata juu ya maji. Kisiki kilichokatwa chini ya maji huingiwa na maji na kuoza.

4. Kata kwa sehemu. Kata kipande kimoja, ruka kipande kingine. Sehemu iliyokatwa iache ipumzike karibu mwaka mmoja kabla ya kuirudia. Ukiikata mara kwa mara, kila safari mabua yatakuwa membamba na mafupi zaidi.

5. Usiende peke yako. Nendeni wawili au watatu, hasa akina mama na wasichana, tena mchana kweupe. Ziwani kuna viboko, na mamba pia huweza kuwako. Vaa buti za mpira ukiwa nazo, kwa sababu maji yaliyotulia huweza kuwa na kichocho. Msiwatume watoto kazi hii.

JINSI YA KUKAUSHA NA KUSHONA MKEKA WA DARI

Ondoa kichwa cha kila bua. Tandaza mabua juani, mahali palipoinuka na pasipo na unyevu, na uyageuze kila siku. Yakusanye jioni yasipigwe na umande. Mabua membamba hukauka upesi. Manene yapasue kwa urefu yawe mawili. Bua likiwa tayari huwa jepesi sana, rangi yake si ya kijani tena, na ukilikunja hutoa sauti ya kukatika. Usiwe na haraka. Mkeka ulioshonwa kwa mabua mabichi hulegea na kuota ukungu.

Kwa kushona, tumia kamba ya mgomba, katani au nailoni. Sindano unaweza kuitengeneza kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa upande mmoja na kukunjwa kidogo upande wa pili ili ishike uzi.

Panga mabua kando kwa kando. Bua moja shina lake liwe kulia, linalofuata shina lake liwe kushoto. Ukiyapanga yote upande mmoja, mkeka utakuwa mpana huku na mwembamba kule, kwa kuwa kila bua ni nene chini na jembamba juu. Kisha pitisha uzi katikati ya mabua, mstari mmoja kila baada ya shibiri moja na nusu. Kaza, lakini usikaze mpaka mabua yapasuke.

MATUMIZI YANAYOFAA

Dari. Funga mkeka chini ya bati au turubai, ukiacha nafasi ya kiganja kimoja katikati. Nafasi hiyo nayo ina hewa, hivyo inausaidia mkeka kuzuia joto. Ukiugusisha na turubai, maji yanayotona alfajiri yataulowesha.

Kugawa vyumba. Familia kubwa inayoishi katika chumba kimoja inaweza kuwatenga wazazi na watoto, au wavulana na wasichana. Heshima ya nyumba nayo ni hitaji, si anasa.

Kuzungushia bafu. Mkeka unafaa, ila usiguse ardhi. Uninginize juu kidogo ili maji ya kuogea yasiufikie.

Malazi. Mkeka wa kulalia hutengenezwa vizuri zaidi kwa ganda la nje lililobanduliwa. Uweke juu ya nyasi kavu au juu ya mkeka mwingine mnene, kwa sababu baridi nyingi ya usiku hutoka chini. Uanike mara kwa mara.

Kuanikia chakula. Mihogo, maharage na mahindi yakianikwa juu ya mkeka safi hayachanganyiki na udongo. Weka mkeka maalumu kwa kazi hiyo, usiwe ule wa kulalia.

Vikapu, kofia na ungo. Kazi hizi hutumia vipande vya ganda, na hata mtu asiye na nguvu za kulima anaweza kuzifanya akiwa ameketi.

MAHALI AMBAPO MAFUNJO HAYAFAI

Mafunjo si nguzo. Usitegemee mabua yake kubeba paa, tumia miti.

Mafunjo si paa la kudumu. Yanaweza kuezekea kibanda kwa muda, lakini mvua nyingi huyaozesha.

Jambo kubwa kuliko yote ni moto. Hewa ile ile inayotusaidia kuzuia joto hufanya mafunjo makavu yashike moto upesi mno. Kwa hiyo:

- Usiweke mkeka, dari wala ukuta wa mafunjo jikoni au juu ya mafiga.
- Usining'inize koroboi wala kuwasha mshumaa karibu na mkeka.
- Usijenge uzio wa mafunjo unaounganisha nyumba na nyumba. Nyumba moja ikiungua, uzio huo utaupeleka moto kwa jirani. Acheni nafasi wazi.
- Weka ndoo ya mchanga au maji karibu na mlango, na wafundishe watoto kutoka nje kwanza kabla ya kuokoa vitu.

KWA NINI TUKITUNZE KINAMASI?

Wengine husema, "Mafunjo ni mengi, hayawezi kuisha." Maneno hayo yalisemwa pia juu ya kuni. Leo mama anayetafuta kuni anajua anatembea umbali gani.

Kinamasi kina kazi nyingine kuliko kutupa mikeka. Mvua inaposhuka kutoka milimani hubeba udongo, mbolea na uchafu. Mafunjo hupunguza mwendo wa maji, na udongo hutuama kabla ya kufika ziwani. Samaki wadogo hujificha humo mpaka wakue. Mafunjo yakiondolewa, maji tunayochota huwa na tope zaidi, na samaki hupungua. Mwaka 2006 vinamasi vya Mburo na Nakivale viliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ambayo ni orodha ya dunia ya vinamasi vyenye thamani kubwa. Lakini orodha haiwezi kumshika mtu mkono. Anayeshika panga ndiye mlinzi wa kwanza.

MASWALI YANAYOULIZWA

Je, mkeka wa dari hukaa muda gani?
Inategemea unyevu. Ukikauka vizuri kabla ya kushonwa na usipovujiwa, utadumu. Ukiona madoa meusi ya ukungu, ushushe, uanike juani siku nzima, na uzibe tundu la paa kabla ya kuurudisha.

Je, wadudu hawataingia?
Wanaweza kuingia kwenye mkeka wowote. Ushushe mara kwa mara, ukung'ute na kuuanika. Mkeka mkavu na safi una wadudu wachache.

Nataka kuuza mikeka. Nitaje bei gani?
Hesabu vitu vinne: siku za kukata, siku za kukausha na kushona, gharama ya uzi, na usafiri wa kwenda sokoni. Wengi husahau siku zao wenyewe, wakafurahia fedha mkononi kumbe wamefanya kazi bure. Ni afadhali pia kuuza kwa kikundi, mikeka yote ikiwa na kipimo kimoja, kwani mnunuzi wa mikeka mingi hupenda inayolingana.

MWISHO

Ndugu wakazi, fundi wa mafunjo pengine ni jirani yako. Mzee au mama aliyejifunza kazi hii nyumbani anaweza kuwafundisha vijana kumi, na ujuzi huo hauhitaji umeme wala mtaji mkubwa. Mwombeni awafundishe. Kateni yaliyokomaa, acheni shina lililo chini ya maji, kausheni vizuri, na wekeni mbali na moto.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe jirani. Kama hajui kusoma, tafadhali msomee.