Mdalasini wa Uluguru na Maradhi ya Kisukari

Ndugu atokaye Morogoro mjini kwa njia ya Kisaki hupita Bigwa, na hapo ndipo viteremkapo viungo vya Uluguru kutoka Kiroka, Mkuyuni na Matombo: pilipili manga, karafuu, iliki na magome ya mdalasini. Wazee wetu waliujua mdalasini kwa chai na pilau. Siku hizi husifiwa kuwa dawa ya kisukari, na wapo wanaoacha vidonge vya hospitali kwa ajili yake. Jambo hilo latutia hofu.

Maradhi yenyewe yameenea. Uchunguzi wa vijiji 6 vya Tanzania uliotangazwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari ni chini ya mmoja katika watu 100. Ule wa mwaka 2012, wa watu wenye miaka 25 hadi 64, ulikuta kiasi cha 9 katika 100. Umri uliopimwa haukuwa mmoja, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno. Nasi twaona wenyewe jinsi tulavyo: sembe nyeupe, chai yenye sukari vijiko vinne, soda mchana, na kazi ya kukaa kitini kutwa.

Wenye kuusifu mdalasini hawakuzua tu. Mwaka 2003 huko Pakistani walijaribiwa wagonjwa 60, nusu yao wakipewa mdalasini kwa siku 40, na sukari yao ikapungua. Lakini mwaka 2012 yalipopimwa pamoja majaribio 10 yenye watu 577, hapakupatikana uthibitisho wa kutosha kwamba unafaa kutibu kisukari.

Wala hatuzidharau dawa za miti. Metfomini, kidonge wanachopewa wengi wa wagonjwa wetu, asili yake ni utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao galega. Mmea wenyewe huua mifugo. Ilibidi wataalamu watengeneze dawa iliyo salama, na daktari Jean Sterne wa Paris akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Tangu mti hadi kidonge ni safari ndefu.

Tena mdalasini si mmoja. Ule wa asili ya Ceylon gome lake ni jembamba, hujikunja tabaka nyingi na kuvunjika upesi. Kasia gome lake ni nene na gumu, nalo lina kumarini nyingi, kitu kiwezacho kudhuru ini. Wataalamu wa Ujerumani hukadiria kwamba mtu wa kilo 60 asizidishe gramu 2 za kasia kila siku, siku baada ya siku. Unga uliokwisha sagwa hauonyeshi ni upi, kwa hiyo ni afadhali kununua gome lenyewe.

Mgonjwa anayetegemea insulini akiiacha huweza kufa kwa siku chache. Naye anayechanganya vidonge na dozi kubwa za mitishamba huweza kushukiwa na sukari hata akazimia. Yampasa kumwambia daktari kila anachokunywa, bila haya. Sheria ya mwaka 2002 imezitambua tiba asili, na Muhimbili wamekuwa wakizichunguza tangu 1974.

Apendaye kutia kijiti cha mdalasini katika chai yake hatumkatazi. Sukari ndiyo tungependa ibaki koponi.