Istilahi za Falaki: "Shimo Jeusi" na "Mfoko"

Mfasiri aelezaye kazi ya Heino Falcke, Mjerumani achunguzaye mashimo meusi kwa darubini za redio, hukabiliwa na istilahi mbili ngumu. "Shimo jeusi" si tundu tupu, bali ni tungamo lenye mvuto mkubwa mno hata nuru haiwezi kuliponyoka. Mwaka 2000 Falcke na wenzake walibashiri kwamba kivuli chake kingeweza kuonekana. Picha ya kwanza, ya shimo lililomo katika galaksi ya M87, ilitangazwa mwaka 2019. Ama kuhusu maada irukayo kwa kasi kandokando ya shimo hilo, neno "jeti" humkumbusha msomaji ndege, tunapendekeza "mfoko". Lakini tusiandike kwamba mfoko hutoka ndani ya shimo: kilichokwisha kuvuka mpaka wake hakirudi.