Mwalimu Hemed na Mizani ya TFF

Hapa Kisongo habari za Taifa Stars hazisemwi kwa kunong'ona. Nasi, kwa idhini ya wasomaji wetu wa Visiwani na ndugu zetu wa serikalini, twataka kulisema lililomo moyoni.

Januari 2024, huko Ivory Coast, tulifungwa na Morocco mabao 3-0, kisha mwalimu Adel Amrouche akafungiwa kwa matamshi yake. Timu ikashikwa na Hemed Suleiman, Mzanzibari yule aliyeifikisha Zanzibar Heroes fainali ya Chalenji 2017, na ambaye wapenzi humwita Morocco (ajabu ya majina!). Akapata sare mbili. Ile ya Zambia ingali yatuuma: wenzetu walipungua mtu mmoja kabla ya mapumziko, nasi tukasawazishiwa dakika ya 88. Hapo twawalaumu wachezaji. Walirudi nyuma mno kulilinda bao la Msuva.

Novemba 2024 Msuva huyo huyo aliifunga Guinea, tukafuzu fainali za 2025. Mwaka ukapita, fainali zikiwa mlangoni, TFF ikaachana na Hemed na kumkabidhi timu Miguel Gamondi. Gamondi aliivusha Stars hatua ya makundi kwa mara ya kwanza, na hatumnyimi sifa yake. Ila shamba alilikuta limekwisha limwa.

Fainali za 2027 zilikabidhiwa Tanzania, Kenya na Uganda. TFF na iwaeleze wananchi mwalimu Hemed alipimwa kwa mizani gani, na kila ajaye, mgeni au mwenyeji, apimwe kwa hiyo hiyo.