Kabla ya Kumpa Fundi Pesa za Nyumba



Kila anayekaa katika kambi ya kampuni anajua jambo moja: siku kazi ikiisha, ufunguo unarudishwa. Ndiyo sababu wengi wetu tunajinyima ili tujenge nyumba zetu wenyewe. Hapa Uganda, tangu sheria ya NSSF iliporekebishwa mwaka 2022, mwanachama aliyefikisha miaka 45, na aliyechangia miaka isiyopungua 10, anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Pesa hizo ni jasho la miaka mingi. Katika matawi yetu tumeona kuta zilizoota nyasi kwa sababu fundi alilipwa yote mapema akaenda zake. Kwa hiyo tueleze namna ya kumchagua fundi.

Kwanza, tusimchague fundi kwa maneno yake. Tukatazame nyumba alizojenga, hasa zile ambazo zimekwisha kupigwa na mvua za miaka miwili au mitatu. Tutazame nyufa katika pembe za madirisha, unyevu chini ya kuta, na paa kama linavuja. Tumwulize mwenye nyumba: Je, fundi alimaliza kwa wakati? Aliongeza bei katikati ya kazi? Tuwaulize pia vibarua wake kama huwalipa. Fundi ni mfanyakazi kama sisi na anastahili ujira wake. Lakini anayewadhulumu vibarua wake hatashindwa kutudhulumu sisi.

Pili, tuwaulize bei mafundi watatu, na wote tuwaonyeshe ramani ile ile. Kila mmoja aandike matofali mangapi, mifuko mingapi ya saruji, nondo ngapi, mabati mangapi, na ujira wake kando. Bei ya chini sana si bahati. Mara nyingi maana yake ni saruji kidogo na mchanga mwingi. Tuulize pia unene wa bati: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, ingawa namba yake ni kubwa. Ni vizuri zaidi kumlipa fundi ujira tu, na vifaa tununue wenyewe na kutunza risiti.

Tatu, mapatano yaandikwe. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mapatano yanayozidi shilingi 500,000 yawe ya maandishi, na nyumba yoyote ya kudumu hupita kiasi hicho. Yaandikwe majina, kazi yenyewe, bei, siku ya kuanza na ya kumaliza, na nani analipa kazi ikiharibika. Pande zote mbili zitie sahihi mbele ya mashahidi, na mwenyekiti wa kijiji akiwapo ni vizuri zaidi. Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini kabla ya kutia dole gumba. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Nne, tulipe kwa hatua. Msingi ukiisha, tulipe sehemu ya msingi. Kuta zikifika kwenye lenta, tulipe tena. Kisha paa, kisha plasta na sakafu. Sehemu ndogo ya mwisho ibaki mkononi mpaka mvua ipige na tuone hakuna panapovuja. Jambo hili liandikwe katika mapatano tangu mwanzo, ili fundi asione kwamba amenyimwa haki yake.

Tano, tusiache kazi bila macho. Ukiwa zamu, mwache mke, mume au ndugu asimamie. Zege la lenta huchanganywa karai 1 la saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Saruji iliyokwisha kuchanganywa na maji isilazwe mpaka kesho. Zege limwagiliwe maji kwa muda wa siku 7, kwani likikauka upesi huwa dhaifu. Mambo haya hayahitaji shule kubwa. Yanahitaji mtu awepo na ahesabu.

Tena, kabla ya jembe la kwanza, tuhakikishe hati za kiwanja ni halali, na tuombe kibali cha kujenga kwenye wilaya au halmashauri ya mji, kwa maana iko Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013. Fundi anayesema kibali ni kupoteza wakati, huyo tumwache.

Na ikitokea fundi amekula pesa? Tusiende kwake na fimbo. Madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yanaweza kupelekwa katika utaratibu wa madai madogo mahakamani, ambako mtu hujisemea mwenyewe bila wakili. Lakini hakimu atauliza karatasi. Mwenye mapatano na risiti atasikilizwa. Mwenye maneno matupu atapata taabu.

Wenzetu waliokwisha kujenga waje kwenye mikutano ya matawi watueleze ni mafundi gani walifanya kazi safi. Tukipashana habari, fundi mwaminifu atapata kazi nyingi, na mdanganyifu atakosa wa kumdanganya.