Pumzi ya Mto Nairobi

Katika maabara ya majitaka kuna chupa ndogo ya kioo yenye ujazo wa mililita 300. Mpimaji huijaza sampuli ya maji, nayo majitaka mazito huyazimua kwanza. Hupima oksijeni iliyoyeyuka ndani yake, huifunga chupa kisibaki hata kiputo kimoja cha hewa, kisha huiweka gizani kwa siku 5 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Siku ya 5 hupima tena. Oksijeni iliyopungua ndiyo iliyotumiwa na bakteria walipokuwa wakiula uchafu.

Chupa hiyo hutuonyesha jinsi mto unavyokufa. Maji safi ya mto katika mwinuko wa Nairobi hubeba takriban miligramu 7 au 8 za oksijeni kwa kila lita. Majitaka ghafi ya majumbani huhitaji mamia ya miligramu ili uchafu wake uoze wote. Yakimwagwa mtoni, bakteria huongezeka upesi na kuimaliza oksijeni yote. Samaki hukosa pumzi, na maji huanza kunuka mayai viza.

Uchafu lazima uoze. Kazi ya mtambo wa majitaka ni kuhakikisha umeozea mahali pake, kabla maji hayajaufikia mto. Nairobi hutegemea zaidi mtambo wa Dandora, ulioko Ruai, mashariki mwa jiji, wenye mabwawa yaliyopangwa kwa safu.

Kwanza maji hupita kwenye nondo zinazonasa matambara, plastiki na vijiti, kisha mchanga hutuama. Bwawa la kwanza lina kina kirefu na maji yake ni meusi. Hakuna oksijeni humo: bakteria wasioihitaji huvunjavunja uchafu, na tope hushuka chini pamoja na mayai mengi ya minyoo.

Bwawa la pili ni pana na halina kina kirefu, na rangi yake ni kijani. Kijani hicho ni mwani. Mchana hunywa mwanga wa jua na kutoa oksijeni, bakteria huipokea na kumalizia uchafu uliosalia, nao huutolea mwani hewa ya kaboni na virutubisho. Umeme unaohitajika ni kidogo mno. Jua la Ikweta ndilo injini.

Mwisho ni mabwawa ya kukomaza maji. Miale ya jua hupenya na kuua vijidudu vya maradhi, na vingi hufa kwa kukaa humo siku nyingi. Ndipo maji huruhusiwa kuingia Mto Nairobi. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za 2006 zilitaka kipimo cha ile chupa ya siku 5 kisizidi miligramu 30 kwa lita.

Faida ya mtambo haiishii jijini. Mto Nairobi huingia Mto Athi, ambao huko mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, hadi kumwaga maji Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Njiani wako wakulima, wafugaji na akina mama wenye mitungi.

Lakini mtambo husafisha kile tu kinachoufikia. Mitaa mingi ya Nairobi haijafikiwa na bomba la majitaka, na penye bomba, matambara na mafuta ya kupikia yaliyoganda huliziba. Chemba hufurika, na kinyesi hufuata mtaro moja kwa moja hadi mtoni, bila kuliona bwawa hata moja.

Kwa hiyo tuidai serikali mabomba, na sisi tutimize wajibu wetu. Usimimine mafuta kwenye sinki wala kutupa nepi chooni. Ukiona chemba inafurika, toa taarifa siku hiyo hiyo. Mto huanza kulindwa jikoni na chooni kwako.