Mkanda Kabla ya Jiwe: Utangulizi wa Kutunza Wembe

Huku kwetu Al Khoudh, Oman, kinyozi hufungua wembe mpya, akauvunja kati, akaupachika kwenye mpini, kisha akimaliza kunyoa akautupa. Kwake yeye anayehudumia watu wengi, ndivyo inavyofaa. Wewe umekuja kujifunza ule mwingine: wembe wa kukunja, wa mtu mmoja, usiotupwa.

Tuanze na makali yenyewe, kwani asiyeyafahamu hunoa mpaka akachoka. Makali ni mahali ambapo nyuso mbili za chuma hukutana. Yakiwa mazuri, unene wake haufiki maikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Unywele una maikroni kama 50 hadi 100. Hata hivyo, unywele huyaumiza makali hayo. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, Marekani, walionyesha kwa hadubini jinsi unywele unavyoweza kumegua ukingo wa chuma. Lakini mara nyingi ukingo haumeguki, hupinda tu. Hapo ndipo mkanda unapohitajika.

Mkanda wa kunolea ni ukanda mrefu wa ngozi, hutundikwa upande mmoja na kuvutwa kwa mkono. Kazi yake ni kunyoosha na kung'arisha. Hauondoi chuma kama jiwe. Laza wembe bapa, mgongo (upande mnene ulio mkabala na makali) na makali vyote viguse ngozi. Mgongo utangulie, makali yafuate. Ukifika mwisho, pindua wembe juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, urudi. Fanya hivyo mara 30 kabla ya kila kunyoa.

Utauliza: nikandamize kiasi gani? Uzito wa wembe unatosha. Kosa la wanafunzi wote, nami nikiwemo, ni kuinua mgongo kidogo na kuharakisha ili waonekane mafundi. Mkanda wangu wa kwanza una michanjo saba, na bado nimeuweka.

Siku wembe utakapovuta nywele badala ya kuzikata hata baada ya mkanda, umesenea, yaani umekuwa butu. Sasa chukua jiwe. Usichanganyikiwe: juu ya jiwe makali ndiyo yanayotangulia. Mgongo ukibaki chini, huna haja ya kupima pembe, wembe umeshajipimia. Na namba iliyoandikwa kwenye jiwe ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi: 8000 hulainisha, 1000 hujenga makali upya. Ikiwa hayakumeguka, liache la 1000.

Adui wa mwisho ni kutu. Pwani ya Seeb haiko mbali nasi, na unyevu wa kiangazi huingia hata kabatini. Usiuhifadhi wembe bafuni. Ukaushe, uupake tone la mafuta ya cherehani, na kesho uyafute vizuri kabla haujagusa mkanda.